Mtihani wa Maziwa

Mimi nilikuwa nafundisha masomo mawili yasiyo na udugu wowote. Asubuhi kemia ya utangulizi, mchana kompyuta ya msingi. Niliajiriwa kwa kemia. Mwalimu wa kompyuta alikwenda kwao likizo ya Krismasi, Januari akapiga simu kusema mgongo unamsumbua, na nadhani mgongo huo unauma hadi leo. Mkuu wa chuo, Bwana Yarrow, akaniita ofisini.

"Wahu, wewe unajua kuandika barua na kombyuta, sifyo?"

Nikasema najua. Basi nikawa mwalimu wa kompyuta.

Chuo chetu cha jamii kiko pembeni mwa mji wa Garissa, mahali ambapo lami inakata tamaa na mchanga unaanza. Chumba kilikuwa kimoja kwa masomo yote mawili. Upande wa dirisha palikuwa na meza ya kemia, upande wa ukutani kompyuta sita, nne zikiwaka, moja ikiwaka siku ikitaka. Vumbi liliingia kwenye kibodi na kwenye chupa za asidi bila ubaguzi. Saa nane mchana jua lilituwamba sote sawasawa, mwalimu na wanafunzi, na kama stima imepotea tulikaa tu tukitazamana hadi irudi. Nilikuwa nimekaa hivyo miaka tisa.

Niseme mapema kwamba nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Binti yangu Njambi alikuwa na miaka kumi, analelewa na mama yangu kule Othaya, na mwezi wa pili mwaka huo nilipompigia simu alimwita nyanya yake akamwambia, "Shangazi yuko kwa simu." Alijirekebisha haraka, mtoto mwenye adabu. Lakini nilikuwa nimeshasikia. Wiki hiyo hiyo niliandika barua ya kuomba uhamisho. Bwana Yarrow aliisoma taratibu, akaitia kwenye droo, akaniambia mtihani wa mwisho wa mwaka ukipita bila doa ataitia sahihi. Akasema neno doa mara mbili.

Darasa langu lilikuwa na watu tisa. Wanane walikuwa vijana waliomaliza shule ya upili na kukosa mahali pengine pa kwenda. Wa tisa alikuwa Bilan.

Bilan alikuwa na miaka arobaini na minane, muuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa katika kikundi cha akina mama thelathini na mmoja ambao walikuwa wamepata tangi la kupozea maziwa, kubwa, la kung'aa, la msaada. Msaada haukosi masharti. Tangi halingefunguliwa mpaka awepo mpimaji mwenye cheti, mtu anayejua kupima uchachu wa maziwa na kuingiza matokeo kwenye kompyuta. Akipatikana mmoja wao kabla ya mwaka ule kwisha, kazi ni yake na mshahara ni wake. Asipopatikana, wenye tangi wataajiri yeyote aliye na cheti. Wanawake wenzake walimchagua Bilan kwa sababu alikuwa amesoma hadi darasa la saba na kwa sababu ya pua yake. Bilan akifungua mtungi na kunusa kifuniko, anakwambia maziwa yalikamuliwa saa ngapi na ngamia alikula mti gani. Sikuamini mpaka nilipomjaribu mara tatu.

Kemia aliipenda. Kompyuta ndiyo iliyomtoa jasho. Mwaka wa kwanza alianguka kwa sababu hiyo. Alikuwa akibonyeza kitufe anakishikilia kwa nguvu na upole kama anayekamua, na herufi moja inajaa mstari mzima. "Gusa, uachilie," nilimwambia siku moja, mbili, mia. Vijana walicheka chini chini. Mwaka wa pili alirudi na daftari jipya. Alikuja saa moja kabla ya wenzake, akaketi mbele ya kompyuta iliyowaka kwa hiari yake, akajifundisha kugusa na kuachilia. Mimi nilimpenda na aliniudhi kwa kiasi kile kile, maana mwanafunzi mwenye bidii humnyima mwalimu mchovu kisingizio.

Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja kwa masomo yote mawili. Kila mwanafunzi anapewa maziwa, anayapima kwa pipeti na kuyatia kwenye chupa ya kioo, anaongeza matone ya kiashirio, kisha anadondoshea alkali kutoka kwenye bureti, mrija wenye namba ubavuni, tone baada ya tone mpaka maziwa yageuke rangi ya waridi hafifu na kukaa hivyo. Anasoma bureti, anapata namba. Maziwa mazuri husoma kumi na sita. Yakifika ishirini yameanza kuchachuka. Yakifika ishirini na nne, hata paka huyafikiria. Halafu mwanafunzi anahamia upande wa ukutani, anaandika namba yake kwenye jedwali la kompyuta, na mbele yake maelezo mafupi. Hayo tu. Tulikuwa tumeyafanya mara hamsini, na vijana walikuwa wamekariri kumi na sita kama wanavyokariri jina la baba.

Mtahini angetoka Nairobi, Bwana Dancan, na angekaa nasi asubuhi moja tu, kwani kesho yake alitarajiwa Eldas na kesho kutwa Elwak.

Siku moja kabla ya mtihani, maji yalikuwa yamekatika siku ya tatu. Pampu ya mtoni imeharibika, walisema, au mtu wa pampu ameharibika, sikufuatilia. Vyombo vya mtihani, chupa na pipeti na bureti, vilikuwa mezani na ukungu wa mazoezi ya juzi. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu alfajiri. Bilan alikuwa bado yupo, wengine wamekwenda.

"Bilan," nikamwambia, "nisaidie na hivi vyombo."

"Na maji?"

"Maji hakuna. Fanya uwezavyo. Safisha kama unavyosafisha vyombo vyako vya maziwa. Usiache hata harufu ya jana."

"Haa, mwalimu. Hiyo najua," akasema, na uso wake ukafunguka. Ilikuwa mara ya kwanza katika chumba kile kuombwa kitu anachokijua kuliko sisi sote.

Nikaenda kulala.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu Garissa analijua, na mimi pia nililijua, maana miaka tisa nimekunywa chai yenye harufu yake. Chombo cha maziwa ya ngamia hakioshwi kwa maji. Maji machache na machafu huyaharibu maziwa. Mama zao waliligundua hilo kabla hajazaliwa mtu wa kuwafundisha kemia. Chombo hufukizwa. Mwanamke huchukua kijinga cha mti anaoujua, akakiingiza ndani kikiwa na kaa jekundu, akazungusha, akafunika moshi ukae, kisha akafuta kwa kitambaa safi. Maziwa yakitiwa humo hukaa siku mbili bila kuharibika. Ni usafi kamili, na una akili ndani yake. Lakini moshi wa kuni huacha uchachu wake kwenye chombo, na uchachu ndio hasa tuliokuwa tunaupima.

Asubuhi niliingia chumbani saa mbili kasoro robo. Chupa zilikuwa zimepangwa kwa mstari juu ya shuka nyeupe ambayo haikuwa ya chuo, zinang'aa. Nikasikia harufu. Nalisema hili kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza vizuri. Nilisikia harufu ya moshi, tamu, ya chai ya sokoni, na kwa dakika moja nilisimama nikijua. Kabatini mlikuwa na dumu la maji yaliyokenekwa, maji safi ya maabara, lita tano, niliyoyaweka akiba. Yangetosha kuzisuuza zote kama ningeanza pale pale na kumwomba mtahini nusu saa. Kisha nikasikia gari langoni. Nikajiambia harufu inatoka kwa jirani, wanapika. Nikafungua dirisha.

Bwana Dancan alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso ya kufutia shingo. Aliniuliza kama maziwa ni ya leo. Bilan alikuwa ameyaleta mwenyewe kutoka kwa ngamia wa shemeji yake, yamekamuliwa alfajiri. Mtahini aliyaonja, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akaketi karibu na feni.

Abdullahi alianza. Huyu alikuwa kijana mwepesi, mcheshi, mwenye kaunti nzima ya marafiki kwenye simu yake. Akadondosha, akadondosha. Kumi na sita ilipita maziwa yakiwa meupe. Nikamwona akitazama bureti, akitazama chupa, akiendelea. Yaligeuka waridi kwenye ishirini na nne. Akaduwaa kidogo. Kisha akaenda kwenye kompyuta, akaandika kumi na sita.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aligeuka akaniona, akanitolea tabasamu la mtu anayejua kwamba mambo ni hayo hayo. Maziwa mazuri husoma kumi na sita. Sadia akaandika kumi na sita. Idman akaandika kumi na saba, kwa ajili ya kupamba. Mmoja baada ya mwingine walisoma kitu kimoja kwenye kioo wakaandika kingine kwenye kompyuta, nami nikapita nyuma yao mikono nimeifunga, msimamizi mwema. Bwana Dancan alikuwa akitazama saa.

Bilan alikuwa wa mwisho. Alipima polepole kuliko wote. Yalipogeuka waridi alisoma bureti, akainama kwa karibu, akasoma tena. Akachukua maziwa yaliyobaki kwenye kikombe akayanusa. Akachukua chupa tupu akainusa. Akairudia kuinusa, hata mtahini akainua macho.

"Mama, kuna shida?"

"Maziwa hii ni ya leo," akasema Bilan. "Namba inasema ni ya juzi."

"Andika ulichopima," akasema Bwana Dancan.

Akaenda upande wa ukutani. Gusa, achilia. Gusa, achilia. Ilimchukua dakika kumi na moja. Alipomaliza, mstari wa tisa wa jedwali ulisema ishirini na nne, na kwenye nafasi ya maelezo: *namba si ya maziwa ni ya chombo. chombo nimesafisha na moshi mimi Bilan.* Hakukuwa na herufi hata moja iliyorudiwa.

Mtahini alisoma matokeo akiwa amesimama, mkoba tayari begani. Alipofika mstari wa tisa akarudi kuketi.

"Wenzako wanane wamepata kumi na sita na kumi na saba," akasema. Hakuwa na ukali. "Kwa hiyo vyombo vyao vilikuwa safi. Hiki chako ndicho ulichokitia moshi?"

Bilan aliwatazama wale vijana mmoja mmoja. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao. Abdullahi alikuwa amekunja shingo kabisa.

"Mimi nimesafisha fyote," akasema Bilan.

"Kuna mtu alikuagiza utumie moshi?"

Bilan aliinamisha uso.

Bwana Dancan akanigeukia. "Mwalimu, ulivikagua vyombo kabla ya mtihani?"

"Niliviangalia," nikasema.

Na ni kweli niliviangalia. Nilikuwa nimefungua na dirisha.

Akaeleza kanuni kwa sauti ile ile ya upole. Mtahiniwa akiharibu kifaa, alama zake za vitendo zinafutwa, wengine hawaguswi. Kama kosa ni la maandalizi ya mwalimu, mtihani wote unafutwa, darasa zima linarudia mwaka ujao, na ripoti inaandikwa. Alisema hayo akinitazama, na nadhani, nikikumbuka sasa, kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa mchovu kama mimi, ana safari ya Eldas, na alikuwa ananifungulia mlango niingie mwenyewe.

"Una neno lolote juu yake, mwalimu?"

Nilimwona Njambi akisema shangazi yuko kwa simu. Niliiona ile droo ya Bwana Yarrow. Bilan aliinua uso akanitazama, bila kuomba na bila kukasirika, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni.

"Ni mwanafunzi mwenye bidii," nikasema.

Akaandika kitu, akafunga faili, akatuaga. Bilan alikunja ile shuka yake nyeupe, akaiweka kwenye kikapu, akaondoka.

Matokeo yalikuja baada ya wiki tano. Wanane wamefaulu, mmoja ameanguka. Bwana Yarrow alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akafungua droo, akatia sahihi. Niliipiga barua picha nikaituma Othaya, na Njambi akanirudishia ujumbe wenye mioyo mingi mfululizo. Nililia, lakini nilijua sililii mioyo ile tu.

Siku ya mwisho nilikwenda kwenye kituo cha tangi. Sikuwa na haja ya maziwa. Nilijiambia nakwenda kuaga, na kwa mara moja katika mwaka ule nilikuwa nimejiambia ukweli.

Foleni ilikuwa ya wanawake thelathini hivi, mitungi miguuni, wamekaa kwenye kijivuli cha ukuta. Mezani alikuwa Abdullahi. Alikuwa amevaa koti jeupe linalomzidi mabega, kompyuta mpya mbele yake, bureti kando, kavu. Alinikaribisha kwa furaha isiyo na hila.

"Madam. Angalia, nimekuwa daktari wa maziwa."

Mama mmoja aliweka mtungi. Abdullahi akafungua, akatazama ndani, akaandika kumi na sita. Mwingine akaweka. Kumi na sita. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu, nilikuwa nimemfundisha vizuri.

"Hupimi?" nikamuuliza.

"Madam, watu ni wengi. Na haya maziwa ni mazuri, nayajua." Akashusha sauti, akimwita mama mdogo kwa Kisomali. "Habo Bilan hunisaidia. Akiona mtungi mbaya anautoa kwenye foleni kabla haujafika kwangu."

Nikageuka. Bilan alikuwa katikati ya foleni na mitungi yake miwili, akisubiri kupimwa. Alikuwa akinusa kifuniko cha jirani yake. Akasema neno kwa Kisomali, yule mwanamke akabisha kidogo, kisha akausogeza mtungi pembeni ukutani, ambako palikuwa na mingine mitatu. Kazi hiyo hakuna aliyemlipa kuifanya. Mshahara ulikuwa wa koti jeupe.

Nikamwendea. Tulisalimiana kwa mikono. Akauliza nyumbani, akauliza mtoto, akauliza safari ni lini. Nikasema kesho. Akasema Allah anifikishe salama. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa maneno marefu, na yote yakanitoka kichwani.

"Bilan, lile kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuambia usafishe kama vyombo vyako. Na asubuhi ile nilisikia harufu."

Foleni ilisogea. Akainama, akasogeza mitungi yake hatua moja mbele, kwanza mmoja kisha mwingine, nami nikasogea naye.

"Najua, abaayo, dada yangu," akasema. "Yule mzee aliuliza mara tatu. Mimi nilikuwa nangoja wewe useme."

Alinitazama kidogo tena, kama anayenipa nafasi nyingine, kisha foleni ikasogea, akasogea nayo. Alipofika mezani, Abdullahi alimwambia shikamoo, akaandika kumi na sita bila kufungua. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa njiani kwenda Othaya.